Uliza Mzee wa Kaunta: chupa ya marehemu baba, chupa ya Livingstone na pipa la WhatsApp

Mwakeye wasomaji. Mwezi huu barua karibu zote zimekuja za aina moja, wiski ya Uskoti, na najua imeanzia wapi, ni ile habari inayozunguka kwenye magrupu kuhusu chupa moja iliyouzwa mnadani London, pale Sotheby's, tarehe 18 Novemba 2023, kwa pauni 2,187,500. Ni kweli iliuzwa. Ni Macallan ya mwaka 1926, kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya bilioni 6 chupa moja, na toka habari ifike huku kwetu kila mwenye chupa ya zamani kabatini ameanza kuiangalia kwa jicho lingine. Mi nilikaa kaunta ya hoteli hapa Kigoma miaka 19, wazungu wa miradi na watalii wa sokwe wamenipitia wengi, na mmoja wao aliyekuwa anakusanya hizi chupa ndo alinifundisha kuzisoma, kwaiyo ninayoijua naisema. Nimechagua barua tano.

*Shikamoo Mzee wa Kaunta. Marehemu baba yetu alikuwa fundi mitambo kwenye meli ya Liemba. Alipofariki tumefungua sanduku lake la bati tumekuta chupa ya wiski haijafunguliwa, mama anasema alipewa na mhandisi mzungu zamani sana. Lebo imeandikwa 70° proof na chini 26⅔ fl. ozs. Wiski yenyewe imeshuka, haijafika shingoni, iko chini kidogo ya bega la chupa. Wadogo zangu wanasema hiyo ni asilimia 70 na kwa vile imekaa miaka mingi hivyo imezidi kuiva, bei yake itakuwa kama ile ya London. Tuiuze wapi tugawane? Kifungua mimba, Bangwe.*

Marahaba mwanangu, poleni sana na msiba. Nianze na hayo maandishi kwa sababu ndo yanaongea ukweli kuliko mtu yeyote. 70° proof sio asilimia 70. Waingereza walikuwa na kipimo chao cha zamani cha ukali, proof 100 yao ni sawa na asilimia 57 na kidogo, kwaiyo 70 yao ukiigeuza unapata asilimia 40 ya kawaida kabisa, ambayo ndo kiwango cha chini wiski ya Uskoti inachoruhusiwa kuwa nacho. Walikiacha kipimo hicho mwaka 1980 wakaanza kuandika asilimia. Na hizo fl. ozs 26⅔ ni ujazo wa zamani, karibu sawa na sentilita 75. Chupa za miaka ya themanini utakuta zimeandikwa 75 cl na asilimia 40, na kuanzia kama 1990 hivi Ulaya wakahamia 70 cl ambayo ndo unaiona mpaka leo dukani. Kwaiyo yenu ikiwa imeandikwa proof na aunsi, ni ya miaka ya sabini au kabla ya hapo, na hapo maneno ya mama yenu kwamba ni ya zamani yanashikana na lebo. Hiyo ni habari njema.

Sasa hilo la kuiva. Wiski inaivia kwenye pipa la mwaloni, sheria yao inataka isipungue miaka 3 humo ndani tena huko huko Uskoti, na siku inapoingia kwenye chupa ya kioo umri wake umesimama hapo hapo. Ya miaka 12 ukiiweka sandukuni miaka 50 inabaki ya miaka 12. Ile Macallan ya London ilikaa kwenye pipa miaka 60, pipa namba 263, liliwekwa 1926 likatolewa 1986, na kwa vile pipa linavuja hewani kama asilimia 2 kila mwaka (wenyewe wanaita fungu la malaika) lilipofunguliwa zilipatikana chupa 40 tu. Arobaini kwa dunia nzima. Na ile ya bilioni 6 ilikuwa moja kati ya 12 zilizopewa lebo na msanii wa Italia Valerio Adami, na inasemekana moja ya hizo 12 ilivunjika kwenye tetemeko la Japani 2011 na nyingine mtu aliinywa. Ndo maana bei ikawa vile. Ya baba yenu, kwa maelezo yako, naona ni blendi ya kawaida, yaani mchanganyiko wa wiski za viwanda mbalimbali, zilijazwa kwa malaki na nyingi bado zipo, mnadani Uingereza chupa kama hiyo ikiwa nzima mara nyingi inaenda kwa makumi ya pauni. Sio maelfu. Samahani kuwakatisha tamaa lakini afadhali mjue sasa kabla hamjakopeshana kwa ajili yake.

Na kushuka kwa wiski hadi chini ya bega ni tatizo lake kubwa kwa mnunuzi, yule anaangalia picha tu, akiona imeshuka anajua kizibo kimelegea na hewa imeingia. Sanduku la bati chini ya paa la mabati hapa Bangwe, mwezi wa tisa huo joto lake tunalijua. Na kama ilikuwa imelazwa ni mbaya zaidi. Wiski haiwekwi kama mvinyo, mvinyo unalazwa ili kizibo kisikauke, wiski inasimamishwa kwa sababu ukali wake unakula kizibo. Mi mwenyewe nililipa ada ya somo hilo, nilipewa chupa na yule mkusanyaji siku anaondoka, nikailaza nyuma ya nguo kabatini isionekane, miaka minne, siku naifungua nikazungusha kizibo taratibu kikakatika katikati, kipande cha chini nikikigusa na kisu kinabomoka kama mkate uliokauka, vipande vya kahawia vikaanguka ndani vikawa vinaelea, nikachuja kwa kitambaa cha chai, nikanusa, inanuka boksi lililolowa. Niliumia kweli. Sio kwa hela, ni kwa sababu yule mtu aliitunza miaka mingi mi nikaiua kwa miaka minne.

Kwaiyo fanyeni hivi, isimamisheni, mahali pa giza na baridi kidogo, msiifute lebo hata kama ina madoa, msiibandue, funga shingo na plastiki laini ya kufungia chakula ishikilie hewa. Piga picha mbele, nyuma, kwenye kizibo, na ishikeni mbele ya dirisha wiski ionekane imefika wapi. Alafu, na hili naliomba kama mzazi, tafuteni picha ya baba akiwa kwenye meli, kitambulisho chake cha kazi, barua yoyote ya yule mhandisi, viwekeni pamoja na chupa kwenye sanduku hilo hilo. Mtu wa mnada atawauliza imetoka wapi na jibu la kwamba baba alituambia halina uzito kama karatasi. Lakini kwa bei yake ya makumi ya pauni, ukitoa usafiri kutoka Kigoma mpaka Uskoti na kamisheni, mtagawana sh ngapi? Mi ningekuwa nyie ningeiacha ibaki nyumbani kwa kifungua mimba.

*Mzee wa Kaunta salaam. Kuna mtu hapa Ujiji ananiuzia chupa anasema iliachwa na Dr Livingstone kwenye nyumba ya mwarabu mmoja alipoondoka na Stanley, imerithiwa mpaka kwake. Anataka milioni 8, anasema kwa mnada ni zaidi ya milioni 300. Chupa ni ya kijani, lebo imechakaa rangi ya kahawia, mfuniko wa kuzungusha wa bati, chini ya lebo inasomeka Scotch Whisky na 70 cl. Naona kama bahati yangu imefika, Livingstone si alikuwa mtu wa Uskoti. Mwalimu, Ujiji.*

Mwalimu wangu, ahsante kwa kuandika kabla ya kulipa, tafadhali usitoe hata shilingi ya kishika uchumba. Livingstone kweli ni wa Uskoti, kazaliwa Blantyre 1813, na kweli Stanley alimkuta hapo Ujiji 1871, na kafariki 1873 kijijini kwa Chitambo, ambako sasa ni Zambia. Historia yote hiyo ni sahihi na ndo inafanya uongo huu uingie vizuri, kwa sababu mtu wa Ujiji anaijua toka darasa la nne. Lakini soma barua yako mwenyewe. 70 cl. Nimetoka kumwambia mwenzako wa Bangwe hapo juu, ujazo huo kwenye chupa za Ulaya ni wa kuanzia kama 1990. Na mfuniko wa bati wa kuzungusha umeingia kwenye wiski miaka ya 1920, mzee Livingstone ana karibu nusu karne kaburini. Hapo hatujafungua hata chupa, kesi imeisha.

Ila nataka ujue uongo huu hauko Ujiji peke yake, wakubwa wenye hela wanalizwa vile vile. 2017 huko Uswisi, kwenye hoteli moja ya St. Moritz, mgeni kutoka China alilipa faranga 9,999 kwa glasi moja, glasi sio chupa, ya Macallan iliyoandikwa ya mwaka 1878. Watu wakatilia shaka picha za chupa, hoteli yenyewe ikaipeleka kupimwa Oxford, ikaonekana ni blendi ya miaka ya 1970 hadi 1972, mgeni akarudishiwa hela yake. Mwaka uliofuata maabara ya Uskoti ikapima chupa 55 za wiski adimu, kumi kati yake zikidai ni singo molti (wiski ya shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja) za 1900 kurudi nyuma. Chupa 21 zikakutwa feki, na zile kumi za zamani zote zimo humo, yaani sio moja iliyopona.

Wanazijuaje? Unajua yale majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya hamsini na sitini, yalijaza hewani kaboni ya aina fulani, kaboni 14, na kila mmea ulioota baada ya hapo umeibeba. Wiski inatokana na shayiri. Shayiri iliyovunwa 1870 haina alama hiyo na ya 1970 inayo, huwezi kuidanganya hiyo hata uchakachue lebo vipi. Ndo uzuri wake naupenda.

Maabara hiyo huna, najua, lakini kuna kitu unacho hapo hapo sokoni Ujiji. Ile taa ya bluu ya kukagulia noti bandia. Nenda na huyo muuzaji kwa wakala yeyote wa pesa, mwombe amulike lebo mahali penye kivuli. Karatasi za kisasa zina dawa ya kung'arisha weupe iliyoanza kutumika kama miaka ya hamsini, chini ya taa ile zinawaka nyeupe bluu kama shati la sare ya shule lililofuliwa vizuri. Lebo ya karne ya kumi na tisa haiwaki hivyo. Ukahawia mwingi ni chai tu, watu wanapaka majani ya chai, nusa lebo pembeni utaisikia. Na kama haiwaki bado haijathibitisha kitu, karatasi ya zamani inapatikana, lakini ikiwaka umemaliza. Akikataa kumulikwa pia umemaliza.

*As-salaam alaykum babu. Mimi ni mama wa Kiislamu, nimefanya kazi za ndani kwa familia ya wageni miaka 7. Wakati wanahama waliniachia vitu vya nyumba na ndani yake kuna chupa mbili za wiski kwenye maboksi ya mbao, zina namba. Naogopa kukaa nazo na naogopa kuzitupa kama ni mali. Mama wa Kichangachui.*

Wa alaykumu salaam mama. La dini kamuulize sheikh wako, mi siingii huko na sitaki nikuponze, kama kuuza kwake hakufai basi hakufai na usihesabu hasara. La biashara naweza. Boksi la mbao lenye namba, kwa mfano imeandikwa hii ni chupa ya 412 kati ya 3000, hiyo inaweza kuwa toleo maalum la kweli na inaweza kuwa na thamani ya maana, kwaiyo usimpe jirani wala usimruhusu mtu afungue aonje. Kamwombe mjukuu akupigie picha lebo na karatasi zote za ndani ya boksi, unitumie tena kwa anuani ya gazeti. Alafu waandikie wale mabosi wako, kama namba yao unayo, uwaulize kama walikuwa wanajua wameziacha. Pengine walisahau. Wakikwambia ni zako, muombe wakuandikie hivyo kwa maneno mawili matatu, na wao huko kwao wanaweza kuziuza kwa urahisi kuliko wewe kwa sababu hapa kuuza pombe bila leseni ni kosa, mnaweza kukubaliana wakutumie hela au kitu kingine utakachoona ni halali kwako.

*Mambo Mzee wa Kaunta, mi kijana wa Mwandiga nanunua mawese vijijini nauza Kigoma mjini na Tabora. Nimefikisha milioni 6 sitaki zikae bure. Nimeona minada ya wiski mtandaoni hadi simu inafaa, unapanda bei ukiwa kitandani. Pia kuna jamaa wa grupu la WhatsApp anauza hisa za pipa zima la wiski Uskoti, milioni 5 unapata robo ya pipa, baada ya miaka 5 inakuwa mara tatu na ukitaka wanakuletea pipa mpaka Kigoma. Kipi bora kati ya mnada na pipa?*

Poa mdogo wangu, na hongera, milioni 6 za mawese najua ni mgongo kiasi gani, madebe kutoka Mwandiga kwa bodaboda kipindi cha mvua sio mchezo. Nitakujibu kirefu kwa sababu ni hela yako ya jasho.

Pipa kwanza. Kimbia. Pipa la kweli huwa lipo, watu wananunua mapipa Uskoti na wengine wanafaidi, lakini huyo wako kajifunga mwenyewe kwa maneno yake. Sheria yao hairuhusu wiski ya Uskoti itoke nchini ikiwa kwenye pipa la mbao, na singo molti, yaani ile ya shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja, toka 2012 lazima ijazwe kwenye chupa huko huko Uskoti. Kwaiyo hakuna mtu anaweza kukuletea pipa Kigoma, sio kwa meli wala kwa treni ya kati. Anayekuahidi hivyo hajui biashara au anajua kwamba wewe hujui. Pipa halali linalala kwenye ghala la forodha huko, lina namba, na likiuzwa kuna karatasi inaitwa dilivari oda, inaenda kwa mwenye ghala, na mwenye ghala anabadilisha jina kwenye daftari lake na anakujibu kwamba amebadilisha. Sio cheti chenye mhuri wa dhahabu alichochapisha muuzaji. Huko Uingereza kwenyewe wapo waliouziwa pipa ambalo limeshauzwa kwa watu wengine watatu, wana vyeti vizuri vya kutundika ukutani. Na hata likiwepo, kumbuka fungu la malaika, kila mwaka linapungua na ukali unashuka, ukishuka chini ya asilimia 40 hiyo haina tena ruhusa kuitwa wiski ya Uskoti, unabaki na pipa la maji ya kahawia unalilipia kodi ya ghala. Robo ya pipa ndo usiseme, utaenda kuikata na msumeno?

Mnada sasa. Huu ni halali na nina heshima nao, nimekaa na yule mkusanyaji usiku hotelini tunaangalia kwenye kompyuta yake dakika za mwisho, intaneti inakatika katika, jasho linamtoka. Minada ya mtandaoni ya Uskoti mingi inafanyika kila mwezi, chupa maelfu, inakaa wazi siku kadhaa. Unaandika kikomo chako, mashine inakupandia kidogo kidogo mpaka hapo na wenzako hawakioni. Muuzaji anaweza kuweka bei ya chini ambayo isipofikiwa hauzi. Na mtu akipanda dakika za mwisho muda unaongezeka, kwaiyo kule kuvizia sekunde ya mwisho hakusaidii. Kinachoua watu ni hapo mwisho, umeshinda na pauni 400 akaja mtu 410, unaona pauni 10 ni nini, 420, 430, unashtuka uko 600. Yule bwana wangu alikuwa anaandika kikomo kwenye karatasi, anaibandika juu ya kompyuta, namba ikifika anafunga kompyuta anaagiza migebuka anakula. Hiyo nidhamu sijaiona kwa watu wengi.

Piga hesabu lakini. Nyundo ya mnada imegongwa chupa ikiwa pauni 500. Mnunuzi analipa kamisheni, tuseme asilimia 10, pauni 50, na VAT ya huko asilimia 20 juu ya hiyo kamisheni, pauni 10, umefika 560. Ukitaka kuileta hapa kuna usafiri wa kitu cha kuvunjika tena chenye spiriti, kampuni nyingi za vifurushi hazikubali, bima, alafu TRA ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT yetu asilimia 18. Na ikifika hapa utamuuzia nani? Mwenye kutoa pauni 700 kwa chupa asiyoinywa hayuko Mwanga sokoni. Wenye akili ya biashara wanaiacha hapo hapo kwenye ghala la mnada, wanalipia kukaa, wanaiuza tena kutoka pale. Hata hivyo ukiuza nako wanakata kamisheni ya muuzaji, kwaiyo bei lazima ipande karibu asilimia 20 ndo urudi sifuri. Na bei hazipandi. Zilipanda sana miaka ya 2010 kwenda 2020, hata viwanda vilivyofungwa kama Port Ellen na Brora, vyote vilizimwa 1983, chupa zao zikawa kama dhahabu kwa sababu hakuna nyingine inayotengenezwa. Toka 2022 soko limeshuka, na Brora wamewasha tena 2021, Port Ellen 2024. Wiski yao ya zamani bado ni adimu maana ya sasa ni nyingine kabisa, lakini wale walionunua juu kabisa wameshikilia wanasubiri.

Kwaiyo ushauri wangu bila kuzunguka, milioni 6 rudisha kwenye mawese. Wewe ukiona debe la mawese unajua limechanganywa maji au halijachanganywa kwa kulinusa tu. Kwenye wiski ujuzi huo huna bado. Ukiupenda mchezo anza kusoma bure, angalia mnada mmoja mpaka mwisho bila kuweka hela, andika ulivyodhani itauzwa sh ngapi na ilivyouzwa. Ukifikisha miezi sita makadirio yako yanakaribia bei ya kweli, niandikie tena tuongee.

*Mwangaluka Mzee. Niko Tabora nasimamia baa ya mjini karibu na stesheni. Maswali mawili. Nina Blue Label ya Johnnie Walker ina namba yake ya kipekee kwenye kioo, hiyo si limitedi? La pili kuna mteja anapita kila wiki mbili ananunua chupa tupu za wiski za bei, zikiwa na boksi na kizibo analipa hadi 15,000. Mhudumu wangu amejipatia kahela kazuri. Kuna ubaya?*

Mwangaluka kaka. La kwanza fupi, Blue Label zinawekwa namba moja moja lakini zinatengenezwa kila siku, namba yake ni ya kuitambua chupa, haisemi zipo ngapi. Toleo la chupa chache linakwambia ya ngapi kati ya ngapi, na zikiisha zimeisha. Ina thamani ya bei ya dukani basi, iuze kwa toti kama kawaida.

La pili ndo limenikosesha usingizi. Ubaya upo, na mkubwa. Hakuna mtu anayepamba nyumba kwa chupa tupu anayehitaji boksi na kizibo kila wiki mbili. Anazijaza. Hizi za Tabora hazitaenda mnada wa London, zitaenda kwenye harusi ya mtu, kwenye baa nyingine, pengine zitarudi hapo hapo kwako, na anachojaza hukijui, wakitumia spiriti yenye methanoli watu wanapofuka macho na wanakufa. Mi ilinipata hotelini, msambazaji mmoja ambaye hatukuwahi kumtilia shaka alituletea katoni, chupa ya tatu nikaishika shingo ile foili ikazunguka yenyewe mkononi, ilitakiwa iwe imebana, nikaangalia chini ya lebo gundi imevuka pembeni imekauka njano, nikakagua na ile stempu ya kodi haikai sawa. Nikamwaga zote sinki mbele ya meneja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshauza chupa mbili na mpaka leo sijui walizinywa akina nani.

Kaa na mhudumu wako umweleze kwa upole, yeye hakujua. Ile 15,000 mfidie kidogo ukiweza ili asione umemnyang'anya. Na kuanzia leo chupa ya bei ikiisha fanya kama nilivyokuwa nafanya, hapo hapo kaunta unachana lebo kwa funguo, herufi kubwa X kutoka juu mpaka chini, boksi unalikata kwa kisu, kizibo unakiweka mfukoni uondoke nacho, na jioni ukifunga unatia chupa kwenye gunia unagonga shingo na nyundo mara moja. Ukimwona huyo mteja tena mwambie zimeisha, alafu andika namba ya gari au pikipiki yake uipeleke polisi na ofisi ya TRA, hawa ndo wenye stempu na wanalijua hili.